Nyuma ya Goti

Jua la Tukuyu huja kama mdaiwa:
linachungulia, linatokomea.
Wakasema nimemnyima mwanangu jua.
Nikamtandikia Ambokile mkeka uani,
nikamhamisha kila ukungu ulipohama.
Maziwa, dagaa, vidonge vya kumung'unya,
na miguu ikazidi kupinda
kama nguzo za mti mbichi.
Mama mkwe akauliza, mbele za watu,
nilikula nini nikiwa na mimba.

Mbeya. Chumba baridi.
Wamemchoma dawa inayojua kutafuta.
"Usitikisike," akaambiwa,
naye akajifanya jiwe, ulimi nje.
Mashine ikammeza polepole,
ikamrudisha mzima.

Dada Tumpe wa picha akanigeuzia kioo:
mwili wote kijivu,
na nukta moja inawaka
nyuma ya goti la kushoto.
Si kubwa kuliko harage.
"Hiki kivimbe ndicho kinachozituma figo
zimwage madini ya mifupa yake chooni.
Kikitolewa, mifupa itashika."

Sikuliogopa neno kisu.
Nililililia goti:
miaka mitatu, kila jioni, karai la maji ya moto,
sabuni yangu ilipita papo hapo.