Kiangazi cha Bukini

Barua ilifika Jumanne, imelowa pembeni.
Wakusanya maneno wa mjini wanamuuliza
Thirza Capps, mfagizi wa shule, kijijini Norfolk:
ule uzi usio na mwenyewe
uelekao mashambani mwezi wa Novemba,
unatao usoni ukafuta usiufute,
kwa nini watu wa huko huuita gosama?

Hakujua. Alijua kuufagia tu,
madirishani, darini, kwenye globu ya dunia.
Akaikandamiza barua kwa birika,
akavaa viatu vya mpira, akaenda kwa Larter.

Larter ni mzito wa kusikia
na ana mabata bukini arobaini.
Bukini, twasema sisi, jina la kisiwa,
kana kwamba ndege huyu alishukia huko na mizigo yake.
Nani alimwona akishuka? Hatuulizi.
Twamwita, anageuka.

"Gosama!" Thirza akapaza sauti sikioni pake.
Mzee akadhani anaulizwa bei.
"Mpaka sikukuu ya Martini," akajibu.
"Waache wanenepe. Hiki ndicho kiangazi chao."

Kiangazi cha bata.
Kwa Kiingereza chao, bata huyo ni *gus*,
kiangazi ni *sama*.
Thirza akasimama topeni, mdomo wazi,
akiyaunga na kuyaungua: gus, sama. Gus-sama. Gosama.
Bata mmoja akamdonoa sketi.

Zamani, babu yake Larter
aliwapaka bata lami nyayoni, kisha mchanga,
wakatembea hadi London, maili mia,
wauzwe wangali na miguu.
Neno halikupakwa lami.
Lilitembea karne na karne peku,
likafika kisigino kimesagika,
na waliolipokea hawakumjua mama yake.

Usiku akaandika kwenye kikaratasi:
*Joto la mwisho kabla ya baridi. Bata wananona,
buibui wadogo wanasafiri kwa nyuzi zao.*
Akatafuna kalamu. Akaongeza: *Labda.*

Majibu yalikuja baada ya Krismasi, mistari miwili.
Wanashukuru. Nao pia, kitabuni mwao,
wameandika *labda*.

Novemba iliyofuata, mwalimu aliona dirisha moja
limefagiwa pande tatu.
"Na kona ile, Bi Capps?"
"Ile ina bata," akasema,
akaenda kumwaga maji machafu.