Kitanda cha Pili

Gothenburg, jikoni. Gunvor ametandaza
vijitabu vitatu vya meli.
Cha kwanza: wazee wenye meno meupe,
wawili wawili kama viatu.
Cha pili kina bwawa na kasino.
Akapiga simu.
"Chumba hulipiwa watu wawili, bibi,
hata ukiwa peke yako."
"Na huyo wa pili atakula saa ngapi?"
Kijana akakohoa.

Miaka arobaini Torsten alimkoromea bure.
Leo auziwe ukimya
kwa nauli ya mtu mzima?

Cha tatu ni karatasi moja tu:
meli ya mizigo, kitanda kimoja,
daktari hakuna.
Anasoma tena. Daktari hakuna.
Anameza kidonge chake cha saa mbili,
anachukua kalamu,
na penye "jina la mwenzako"
anapiga mstari hadi karatasi inachanika.