Rangi ya Luvua

Ramani yangu imepasuka palepale ninapotaka kwenda.
Mkunjo wa nne, kaskazini-magharibi ya Pweto:
miaka kumi na tisa ya kuikunja na kuikunjua
mbele ya watoto wa Kenya (mtaa wetu wa Lubumbashi, si nchi)
imeutafuna mto kwenye kiungo.
Nimeubandika kwa selotepu. Sasa Luvua unang'aa
kama kovu la kuungua.

"Mwalimu," aliuliza Mwange, binti wa muuza makala,
"maji yake yana rangi gani?"
Nikajibu bluu.
Darasa zima likaandika bluu, kwa penseli.
Usiku ule sikulala.

Basi Jumamosi nashuka kwenye malori ya Kasenga
na daftari la mistari, kalamu sikioni.
Nauliza kilometa, wananijibu siku.
Nauliza siku, wananijibu mvua.
Kitenge, dereva wa samaki wakavu,
anasema daraja la mbele ya Kilwa limeanguka.
Utingo wake anasema limeshajengwa.
Mama mmoja juu ya magunia, bila kuinua macho:
"Daraja gani? Pale tunavukaga kwa miguu."
Nimeandika yote matatu. Penye wengi pana mengi.

Chumvi, kilo sita. Huko, wanasema,
noti iliyochanika haina kazi,
na chumvi haichaniki.
Viraka, gundi, spoku kumi na mbili za kinga,
ndiyo baiskeli kwetu, ile nyeusi ya marehemu kaka,
inayoteremka kama shetani na kupanda kama mgonjwa.
Sindano ya magunia. Kwinini.
Barua ya mkuu wa shule yenye mihuri miwili,
kwani mhuri mmoja, kaniambia Kitenge,
unakaribisha maswali.
Dira sina. Nina jua na midomo ya watu.

Numbi aliisoma orodha huku anasonga bukari.
Akauliza nani atalipa kodi ya Julai.
Akauliza, nikiumwa Kiambi, nani ataleta habari.
Mwiko ukagonga sufuria.
Sikuwa na jibu, nikahesabu spoku upya.
Asubuhi nikakuta mwandiko wake chini ya wangu:
soksi. na kamba. na usipakiwe na walevi.

Kati ya Pweto na Kiambi ramani haisemi kitu.
Hakuna kijiji wala kisima,
ni karatasi tupu, upana wa dole gumba.
Niliweka langu pale, nikaliondoa,
likaacha jasho.
Ndani ya weupe ule kuna watu
wanapika, wanadaiana, wanazika,
kila kijito wanakiita kwa jina lake,
na hakuna aliyewaambia kwamba wako mbali.
Labda kwao mbali ni huku,
kwa mwalimu mwenye chaki puani
anayeufundisha mto asioujua.

Kichupa cha dawa ya kikohozi nimekiosha mara tatu,
bado kinanukia mnanaa.
Nimekibandika jina: MWANGE.
Kikivunjika njiani, nitamweleza kwa maneno,
na safari hii nitakuwa nayo.
Kikifika salama atakiinua mwenyewe dirishani.

Mimi nadhani ni kahawia.
Nimeshanunua vifutio arobaini.