Mstari wa Zambarau

Kishikwambi kinasema mpaka ni mto.
Lakini hapa Mukuru mto ulihama Aprili,
ukabeba choo, kuku watatu na nyumba.
Bosibori akajenga upya palipokuwa na maji.

Kwenye ramani mstari wa zambarau haujalowa.
Unapita katikati ya kitanda chake.
"Sasa mimi ni wa eneo lipi?" ananiuliza,
akinisogezea ndoo nikalie.

Nampigia msimamizi. Simu inakatika.
Naye anaendelea kuhesabu kwa vidole:
yeye, wajukuu wawili, na Ombati.

"Ombati alilala hapa usiku wa sensa?"

Anatazama mtoni.

Naandika watatu.
Kidole changu kimeganda kwenye kioo,
juu ya nyumba ile ya zamani,
ambayo ramani haijaambiwa.