Dirisha la Tatu

Klementina wa nyumba ya pili ndiye aliyetuchukua.
Alikuja na tiketi nne, zimelowa jasho la kiganja:
"Mwaka huu Boma limetiwa taa za Krismasi.
Twende, Bi Zamda, hata wewe wa swala tano.
Taa haziulizi mtu dini."
Mama akacheka, akatafuta viatu vyake vya Idi.

Langoni kijana akatufunga karatasi za kijani mkononi,
kama mizigo iliyokwisha kupimwa forodhani.
Na tazama, ile miarobaini niliyoizoea kwa vumbi
imevaa shanga,
za samawati hadi kwenye vitawi vyembamba,
na nyekundu zinazopepesa, zinazima, zinajisahau,
zinakumbuka tena.

Yakini akauachia mkono wangu,
akasimama mbele ya mnyama wa nyaya mwenye pembe za taa.
"Bibi, huyu mbuzi?"
"Kulungu wa nchi za baridi," Klementina akadakia.
"Mbona hana mavi?"
Hakuna aliyekuwa na jibu.

Chini ya kwato walitandaza pamba,
mabunda kwa mabunda. Hiyo ndiyo theluji.
Bagamoyo, Desemba, jasho linatutiririka mgongoni,
watu wanajipanga wapigwe picha:
"Subiri, nimefumba macho. Rudia."
Mama aliitazama pamba ile muda mrefu,
kisha akauliza, wala si kwa mzaha,
"Kesho nani atafagia hapa?"

Ndipo nikakumbuka.
Miaka kumi na tisa,
saa kumi na moja alfajiri, ndoo ya bati,
ufagio wa njukuti, dawa nyekundu ya sakafu,
Boma likiwa bado ofisi za serikali.
Kumbi la nazi chini ya mguu wa kulia,
mguu wa kushoto ukimshikilia,
anasugua, anazunguka, anasugua,
ungedhani anacheza ngoma isiyo na mpigaji.
Mimi ngazini na daftari la hesabu,
nimekatazwa kukanyaga mpaka ikauke.

Nilipogeuka alishatoka kwenye mwanga.
Nikamfuata nyuma ya jengo, ambako waya haukufika.
Huko ukuta umemenyeka, matumbawe yako nje
kama mbavu za mtu aliyeugua.
Ameweka kiganja pale.
Anahesabu kwa kidole: moja, mbili,
"La tatu. Alikaa karani mmoja, Mhando.
Jina langu hakuwahi kulijua. Aliniita Wewe wa Maji.
Lakini kioo chake!
Ungejifunga ushungi mbele yake usikosee."

Kimebaki kioo kimoja, kina utando wa miaka.
Kupitia chumba kitupu, taa za upande wa mbele
zilikuwa zikipenya kidogo kidogo:
nyekundu, giza, nyekundu.
Mama akatikisa kichwa.
"Kichafu," akasema.
Wala hakuondoka.

Nilitaka kumwambia kitu.
Nikasema, "Kuna mbu huku."

Upande wa pili vijana wa parokia walianza kuimba,
sauti ya tatu imepotea njia, wenzake wanaivuta.
Klementina alikuwa akitutafuta na bisi kwenye kaki,
Yakini usingizi begani, mdomo wazi,
pembe za kulungu zikimulika kwenye mate yake.
Kutoka pale hadi langoni
mama aliinama mara nne:
kikombe, kikombe, ganda la pipi, kikombe.
Kijana wa langoni akamwambia, "Acha tu, bibi,
wapo wanaolipwa."
"Najua," akasema, akaendelea.

Asubuhi nilikuwa natafuta uzi mweusi
wa kushona kifungo cha Yakini.
Kwenye kikebe chake cha kushonea, pembeni ya bobini,
nikakuta bonge la pamba, si kubwa,
limefungwa kitambaa cha kanga kuukuu.
Sindano saba zimesimama wima ndani ya theluji.
Sikumuuliza aliichukua saa ngapi.