Mkoba Nyuma ya Mlango

Mkoba umetundikwa msumarini, nyuma ya mlango,
tangu usiku ule makuti ya Langoni yaliposhika
paa kwa paa, kama uvumi.
Ndani: vyeti vya watoto, na kile cha Tima
kinachosema alizaliwa Januari mosi
kwa kuwa karani alichoka kuuliza.
Kitambulisho cha mume wangu. Changu bado kinashughulikiwa.
Dawa ya kuvuta ya Nuru, mwenye pumu. Tochi. Kiberiti.
"Mama, tunaukimbia moto na kiberiti?"
Nikakitoa. Ana miaka tisa.

Chini yake tenga la kuku, lakini ni la Ndizi,
paka aliyehamia kutoka kwa jirani akakataa kurudishwa.
Kila Alhamisi namwekea humo vichwa vya dagaa
ili siku ya siku asidhani ni jela.
Na uani, kamba ya Sumni: fundo moja,
la kufunguka kwa mvuto wa mkono wa mtoto.
Punda wa Bwana Kupi alifungwa mafundo matatu.
Asubuhi ile tuliikuta kamba.
Sisemi zaidi.

Juzi tuliitwa ukumbini kutoa maoni.
Viti vya plastiki, soda zisizo baridi, rasimu ya kurasa arubaini.
Afisa wa maafa
(ndivyo cheo chake kinavyosomeka, sikutunga)
akatusomea ukurasa wa kumi na moja:
gari la zimamoto, moja, jipya, jekundu.
Nikainua mkono. "Litapita wapi?"
Mtaani kwetu punda wawili wa mchanga wakikutana
mmoja hurudi kinyumenyume hadi msikitini.
Watu wakacheka. Mimi sikuwa nimefanya mzaha.
"Tupeni pampu ya kubebwa, na mipira mirefu.
Na ufunguo wa tangi ukae kwa mtu anayelala hapa;
usiku ule ulikuwa Mokowe, ng'ambo, umelala."
Akaandika. Akasema, "Tutalizingatia."
Mavyaa wangu, Mwana Baraka, akaninong'oneza:
"Neno hilo nimelizalia watoto watano,
na bomba halijafika."

Wakagawa karatasi ya kuhesabu kaya.
Watu wazima. Watoto. Wazee. Wenye ulemavu.
Wenye mikia hawana kisanduku.

Jana usiku tukafanya mazoezi.
Nikapiga sufuria, kila mtu na kazi yake:
Tima mkoba, Nuru tenga, baba yao kumshika mama yake,
mimi kamba.
Mara ya kwanza dakika saba; Ndizi alikuwa juu ya kabati.
Mara ya pili nne, ila Mwana Baraka yuko juu ya mswala.
"Bibi, umeshaungua!"
Akatoa salamu kulia, akatoa kushoto, akageuka:
"Basi ningojeni niungue na sunna zangu."

Alfajiri moshi ukaja wa kweli.
Sikupiga sufuria. Nilijikuta nje,
mkoba begani mwa Tima, tenga linalia nyau,
mavyaa wangu na kiatu kimoja,
na Sumni amesimama kichochoroni, hana kamba, anatungoja
kama mtu aliyeisoma rasimu yote.
Ilikuwa mikate ya mofa ya Bi Zuhura, imeungua.
Akatugawia iliyosalimika. Tukaila pale pale barazani,
mume wangu akicheka, mikono ikimtetemeka.

Karatasi sijairudisha.
Kisanduku cha "maoni mengine" ni kidogo kuliko kiganja,
nimeigeuza, naandika nyuma:
pampu, mipira, ufunguo,
punda mmoja, paka mmoja,
na tumboni mwake sijui wangapi.
Nuru anataka nisubiri wazaliwe kwanza,
hesabu isije ikawa ya uongo.
Mwisho wa kupokea ni Jumatatu.