Karani wa Maji

Nilidhani nitapewa upanga.
Nilikuwa nimekwisha kuuchonga, kutoka tawi la mkorosho,
nikausugua kwa jivu mpaka ukajifanya chuma.
Somoe Nangumbi akanitazama, akalitazama daftari,
akasema, "Wewe utakuwa karani wa maji."

Hivyo ndivyo nilivyoingia Nandimba,
dola isiyopata kuwako,
inayodumu siku mbili kila mwaka
nyuma ya ghala la korosho, Newala,
mnada wa mwisho ukishapita
na magunia yameshateremka Mtwara.

Usiulize imetoka kitabu gani. Hakuna kitabu.
Kuna kaunta buku moja, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia,
na kanuni moja: kilichoandikwa kimetokea.
Ukurasa wa nne: Wanandimba hawakujua kifungo.
Basi nikakata vifungo vyangu, vyote saba,
nikalifunga shati kwa kamba ya mkonge.
Ukurasa wa kumi na moja: hawakuwa na sarafu,
walilipana maji, kibuyu kwa kibuyu,
maana walikaa juu, kama sisi,
na mto waliuona chini, kama sisi,
uzi wa fedha usiomshonea mtu nguo.

"Na viatu?" niliuliza.
"Hatujajua bado," akajibu Dadi Mchopa, fundi baiskeli,
waziri wa mambo ya kale ambayo hayajaamuliwa.
"Tembea peku. Ukiumia ndipo tutajua walivaa nini."
Nikaumia.
Zikaandikwa ndara za gome la myombo.

Tulikula ming'oko bila chumvi:
chumvi hutoka pwani, na pwani, mwaka ule,
tulikuwa tumegombana nayo.
Simu zililala ndani ya chungu, kawa juu yake.
Moja ikaita katikati ya hotuba ya malkia,
na malkia, Fadhina wa kibanda cha vocha,
hakupepesa hata ukope:
"Mzimu huyo. Mwacheni alie."
Ikaandikwa.

Alasiri ya pili akaja Lukia Mnalima,
mwenye ekari mbili kule Mkunya,
ambaye nampimia korosho kila msimu.
Akaweka kibuyu mbele yangu. Kodi ya bonde.
Nikamimina, nikapima, na mkono ukajiendea wenyewe:
dole gumba likalala ukingoni mwa kipimo,
taratibu,
kama paka kwenye mkeka aliouzoea.

Hakutoka katika nafasi yake. Alisema kwa adabu ya nchi ile,
"Bwana karani, gumba lako lina ratili ngapi?"
Watu wakacheka. Nikacheka nao, kwa kuchelewa kidogo.
Somoe alikuwa ameshashika kalamu.

Ukurasa wa hamsini na mbili, nenda ukausome:
karani wa maji alipima hali amefunga gumba
kwa kitambaa chekundu, watu walione lilipo.
Haikuelezwa kwa nini.
Historia ya Nandimba ina staha zake.

Kwa hiyo wewe unayeniuliza uanzie wapi,
usianzie kwenye upanga. Wangu siku hizi ni mwiko,
unasonga ugali vizuri tu.
Anza na kifungo kimoja. Kikate,
uone kifua kinavyoshtushwa na upepo.
Njoo na kibuyu, na jina ambalo mama yako hakukupa.
Kazi tutakutafutia sisi,
ndogo, na unayoifahamu mno.

Msimu umefunguliwa. Jumatatu niko ghalani,
foleni imefika barabarani,
mizani imetoka kukaguliwa juzi.
Wakulima wananiuliza gumba nimejikata na nini.
Lukia, wa saba kwenye foleni,
haulizi.